Georgia, wafanyakazi 12: E-Verify ni lazima?

mwenye_usafi: Wakuu, kampuni yetu ya usafi wa maofisi iko jimbo la Georgia, Marekani, na ina watu 12, wanne kati yao hufanya saa 20 tu kwa wiki. Kuhuisha leseni ya biashara tunadaiwa kiapo cha E-Verify (mfumo wa mtandaoni wa serikali wa kuhakiki kama mwajiriwa anaruhusiwa kufanya kazi). Sheria inatubana? Pia kuna mwajiriwa mpya, mkimbizi kutoka Kongo, ana I-94 tu (rekodi ya kuingia nchini), namba ya Social Security (hifadhi ya jamii) bado. Aanze kazi?

karani_wa_ajira: Sheria ya Georgia hailazimishi mpaka uzidi wafanyakazi 10, na wanaohesabiwa ni wa saa 35 au zaidi kwa wiki, kwa hesabu ya Januari 1. Ninyi mna 8, hambanwi. Kiapo mtasaini vilevile, lakini kile cha msamaha. Soma kichwa cha fomu kabla ya kusaini: kiapo cha uongo ni kosa la jinai.

I-9, fomu ya kuthibitisha kuwa mwajiriwa anaruhusiwa kufanya kazi, ni habari nyingine kabisa. Ni sheria ya shirikisho tangu 1986, hata ukiwa na mfanyakazi mmoja. Mwajiriwa ajaze sehemu ya kwanza kabla siku yake ya kwanza haijaisha. Wewe ukague hati na kujaza ya pili ndani ya siku tatu za kazi. Akianza Jumatatu, mwisho ni Alhamisi.

bibi_hati: Aanze tu. I-94 yenye alama RE (ya mkimbizi) inapokelewa kama risiti, yaani hati ya muda, kwa siku 90. Kabla hazijaisha alete kibali cha kazi, au kadi ya Social Security isiyo na masharti pamoja na kitambulisho kama cha jimbo. Uchaguzi ni wake! Ukimwambia "lete green card", umebagua. Na kwa kuwa hamtumii E-Verify, nafasi ya namba ya Social Security anaweza kuiacha wazi.

mwenye_usafi: Tukipata kazi majimbo ya jirani?

karani_wa_ajira: Alabama na South Carolina zinabana kila mwajiri, Florida kuanzia wafanyakazi 25, Tennessee 35. Huko mfumo ukikataa taarifa za mtu, mara nyingi ni majina: Mkongomani ana matatu, na hati moja imeyapanga tofauti na nyingine. Mpe notisi faraghani. Akipinga, ana siku 8 za kazi za serikali kuwasiliana na ofisi husika, na muda huo usimfukuze wala kumpunguzia saa.