Mjadala: Kubanwa na kazi usiku na mchana ni bidii, au tunauana?

Mwanzisha mada: Wiki iliyopita mwenzetu alianguka mezani kwake saa 3 usiku. Kiharusi. Yuko hai, ila mkono wa kushoto haunyanyuki. Kikaoni bosi akamsifu kwa "kujitoa", watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Hivi hiyo ndiyo bidii?

Fundi Hesabu: Pole sana. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walishasema 2021, kazi za saa nyingi zinaua watu kama laki saba kwa mwaka.

Zamu ya Usiku: 745,000 mkuu, na hao ni wa 2016 pekee, kwa kiharusi na moyo. Ukifika saa 55 kwa wiki, hatari ya kiharusi inapanda asilimia 35 kuliko anayefanya 35 hadi 40.

Mchapakazi: Sawa, lakini kazi lazima mtu aifanye. Kwetu wanaoimba mapumziko ni kina mama wanaowahi watoto saa 11 jioni. Tunabaki sisi kumalizia viporo vyao.

Mama Pacha: Viporo vya nani, kaka? Nafika ofisini kabla yenu wote. Natoka saa 11, nalaza watoto, saa 4 usiku nafungua kompyuta tena. Hiyo nani anaihesabu?

Mchapakazi: Sijakusema wewe dada, nimesema wa kwetu.

Mama Pacha: Wa kwenu naye ana saa 4 yake usiku. Umewahi kumuuliza?

Zamu ya Usiku: Na baba zao wako wapi? Wamekaa ofisini wanasifiwa!

Baba wa Mmoja: Umenigusa pabaya. Mimi niliomba kuwahi nyumbani siku mbili tu kwa wiki, nikaulizwa kama mke wangu anaumwa. Sikuomba tena. Mtoto namkuta amelala.

Fundi Hesabu: Turudi kwenye mada jamani. Ufaransa tangu 2017 kampuni zenye watu 50 na kuendelea zinatakiwa kujadiliana na wafanyakazi haki ya kutopokea simu za kazi baada ya saa za kazi.

Mchapakazi: Nikizima yangu itaita ya mwenzangu. Mama Pacha, nisamehe, saa 4 hiyo hata mimi niko macho. Tuko wawili kwenye kazi ya watu wanne.

Mwanzisha mada: Nafasi ya mwenzetu haijatangazwa. Tangu Jumatatu kazi zake tumegawiwa sisi watatu.