Mrejesho: dizeli ya mafuta ya chipsi

Wadau, niliuliza kwa nini mafuta ninayonunua kwa wauza chipsi wa Kayole, Nairobi, yanageuka sabuni badala ya dizeli. Mliosema ni maji, mmepatia. Viazi huacha maji mengi kwenye mafuta. Sasa nachuja kwa kitambaa, nayapasha polepole hadi yapite digrii 100 na mapovu yaishe, kisha yanapoa hadi 55 ndipo natia methanoli (alkoholi inayoshika moto haraka) yenye kostiki soda. Methanoli huchemka kwa digrii 65 na mvuke wake ni sumu, kwa hivyo nafanyia nje, mbali na moto. Gliserini, masalio meusi na mazito, inatuama chini. Dizeli ya manjano inabaki juu. Nikiiosha na kuikausha, jenereta kuukuu inanguruma bila shida. Pikapu ya shemeji? Hiyo siigusi.