MREJESHO: Bendi yetu ya mtaani Kigoma na shoo za laivu

Wakuu, salaam. Niliuliza hapa kama sisi wapiga muziki wa kujifurahisha, kila mtu na kibarua chake cha mchana, tuna sababu ya kuhangaika na shoo za laivu au tubaki na mazoezi yetu ya sebuleni, Mwanga. Asanteni wote, hata yule aliyesema tuuze magitaa tununue nyavu.

Tulifuata ushauri wa kuanza na sherehe: kipaimara, sendofu, harusi kule Ujiji. Huo umejibu. Mwenye shughuli analipa nusu mapema, na spika anakodi yeye. Watu wa huku wamelelewa na rumba la Kongo, ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo sebene (ile sehemu ya magitaa ya kuchezeka) likikolea tu, akina mama wanainuka na noti kumbandika mpiga solo kwenye paji la uso. Jamaa huyo mazoezini alikuwa mchelewaji sugu. Siku hizi anafika wa kwanza!

Ule wa kupiga baa kwa asilimia ya mauzo ya vinywaji haukuzaa kitu. Umeme ulikatika katikati ya wimbo, jenereta likawashwa, besi yote ikawa mvumo. Mwisho tukapewa soda na nauli ya bajaji. Hesabu za mauzo hatukuonyeshwa.

Kifedha, ukitoa nyuzi na usafiri, kinachobaki ni kidogo, ila kwa kuiva kimuziki sebule haioni ndani. Sherehe tunaendelea nazo. Baa, mpaka watoe advansi.