Kijana akiuliza pesa zilienda wapi, mnamuuliza nani amemtuma. Imetosha!

Wakenya wenzangu, nina hasira na sitaificha. Kashfa ikilipuka nchi hii, mambo huenda vilevile kila mara. Kijana anatoa karatasi yenye tarehe, sahihi na kiasi cha pesa. Tunangoja mtu wa serikali asimame aseme karatasi hiyo ni ya kweli au ni ya kughushi. Hasimami. Tunachosikia ni kabila la huyo kijana, kama ana kazi, nani anamlipa, mbona anaongelea ng'ambo. Wiki haijaisha, yeye ndiye mshukiwa na zabuni imesahaulika.

Chukueni ile ya Adani. Julai 2024 Nelson Amenya, Mkenya aliyekuwa akisoma Ufaransa, alianika mtandaoni nyaraka za mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani ya India uwanja wa ndege wa JKIA kwa miaka 30. Mpango wa karibu dola bilioni 1.85, juu ya lango kuu la nchi yetu, na wananchi wengi waliusikia kwanza kutoka kwa mwanafunzi! Akatukanwa, akaitwa mwongo, akafunguliwa kesi ya kuharibu jina hukohuko Ufaransa. Septemba Mahakama Kuu ikausimamisha mpango kwa muda, wafanyakazi wa uwanja wakagoma, abiria wakalala juu ya mizigo yao. Wakubwa bado wakautetea. Halafu Novemba waendesha mashtaka wa Marekani wakamshtaki Gautam Adani, mwenye kampuni hiyo, kwa madai ya hongo iliyohusu miradi ya umeme kule India. Siku iliyofuata, tarehe 21, Rais Ruto alisimama Bungeni akaufuta mpango wa JKIA pamoja na ule wa nyaya za umeme wa kampuni hiyohiyo, na wabunge wakashangilia.

Hapo ndipo ninapoumia. Mashtaka yale ya Marekani hayakuihusu JKIA hata kidogo. Nyaraka zilizoihusu zilikuwa mezani tangu Julai, zimeletwa na mtoto wa Kenya, akizieleza mstari kwa mstari. Miezi minne hazikutosha. Lilipotajwa jina la mwendesha mashtaka wa Marekani, zikatosha kwa siku moja. Kwa hiyo neno la kijana wetu lina uzito gani katika nchi yake mwenyewe? Nauliza nikitaka jibu.

Na msidhani haya yameanza na kizazi chetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 David Munyakei alikuwa karani kijana pale Benki Kuu. Karatasi za kashfa ya Goldenberg zilipita mikononi mwake: serikali ikiilipa kampuni fidia ya kuuza dhahabu na almasi ng'ambo, na nchi haikuwa na dhahabu ya kiasi hicho, seuze almasi. Angeweza kupiga mhuri, akale mshahara wake, anyamaze. Alizitoa karatasi zile zikawafikia wabunge wa upinzani. Mwaka 1993 akakamatwa na kushtakiwa chini ya sheria ya siri za serikali. Mashtaka yaliondolewa baadaye, lakini kazi yake hakurudishiwa kamwe. Serikali ikabadilika, Tume ya Bosire ya kuchunguza kashfa hiyo ikaundwa 2003, naye akaitwa kutoa ushahidi. Akapewa tuzo ya uadilifu, akapigiwa makofi. Kibarua hakuna. Alifariki 2006 akiwa fukara, kabla ya kufika miaka 40.

Wazee wetu mnaosema vijana wa leo hawana adabu, nawaheshimu, lakini Munyakei alikuwa rika lenu. Hakupiga kelele barabarani, hakutukana mtu, hakuvunja hata kioo. Alifuata njia ya adabu mnayotuhubiria. Mlimfanyia nini?

Kuna hili jingine linalonichemsha: "Kama mna ushahidi, pelekeni EACC," yaani tume ya kupambana na ufisadi. Ushahidi upi tena, jamani? Mkaguzi Mkuu wa Hesabu yumo ndani ya Katiba, Kifungu cha 229, analipwa na kodi yetu, na kila mwaka ripoti zake zinataja wizara, kaunti na miradi iliyolipiwa bila kuonekana. Bunge limepewa miezi mitatu kuzijadili na kuchukua hatua. Mwaka 2020 ripoti yake kuhusu KEMSA, shirika la serikali la kununua dawa na vifaa vya hospitali, ilisema shilingi bilioni 7.8 za vifaa vya Covid zilitumika kinyume cha taratibu, wakati madaktari na wauguzi wakilia kwamba hawana mavazi ya kujikinga. Vijana walioandamana Nairobi Agosti ile kudai walioiba wakamatwe walitupiwa vitoa machozi. Januari 2021 Rais Kenyatta mwenyewe alisema redioni kwamba zaidi ya shilingi bilioni mbili zinaibwa kila siku. Kila siku! Aliyasema mkuu wa nchi na hakuna aliyemuuliza nani amemtuma. Akiyasema kijana wa Githurai, anatafutwa mfadhili wake.

Na kweli walimtafuta. Julai 2024, baada ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza kodi, Rais Ruto aliishutumu Ford Foundation, shirika la ufadhili la Marekani, hadharani kuwa ndiyo inayofadhili fujo, na shirika hilo likakanusha. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa ikihesabu waliouawa, hesabu ambayo baadaye ilifika 60. Watu wanazikwa, na swali kubwa la serikali ni nani amelipa nauli za waandamanaji. Mimi nauli yangu nalipa mwenyewe, kwa M-Pesa, kama wenzangu wote ninaowajua.

Juni 2025 ikawa mbaya zaidi. Albert Ojwang, mwalimu, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni kuhusu afisa mkuu wa polisi. Akasafirishwa hadi Nairobi, na hakuiona asubuhi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Daktari aliyeupasua mwili akasema majeraha yale hayakuwa ya kujigonga, na shingo ilikuwa imekabwa. Inspekta Jenerali ikabidi aombe radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ile ya kwanza. Kama afisa alionewa, mahakama ziko wazi, angeshtaki. Mwalimu angepeleka utetezi wake na sote tungesikia nani mkweli. Sasa tutausikia wapi?

Mimi si mwanaharakati mkubwa. Niliwahi kuandikia ofisi moja ya umma barua ya heshima kabisa, nikiomba mkataba wa mradi uliolipiwa na haujakamilika. Kifungu cha 35 cha Katiba kinanipa haki hiyo na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu. Jibu la maandishi halikuja. Ilikuja simu, mtu akitaka kujua mimi ni mtoto wa nani na nagombea kiti gani 2027. Mama aliposikia aliniomba niache. Sikumlaumu, anajua nchi aliyonizalia. Ila nikajiuliza ni wazazi wangapi wamewaomba watoto wao waache, na ni mabilioni mangapi yamepita kwenye ukimya huo.

Sasa wabunge mnisikie. Munyakei alishtakiwa 1993. Miaka 31 baadaye, Amenya akitoa nyaraka zake, Kenya ilikuwa bado haina sheria mahususi ya kuwalinda wafichuzi wa ufisadi, ila miswada inayoandikwa, inayofukiwa na kuandikwa upya. Mswada wa Fedha mnaujua mnavyoukimbiza ndani ya wiki chache. Huu wa wafichuzi una ugumu gani? Mfichuzi arudishiwe kazi akifutwa. Alindwe na mahakama, asiwekwe mikononi mwa polisi anaowalalamikia. Na afisa akiulizwa mkataba uko wapi, alazimike kuuleta au aondoke ofisini.

Na nyinyi mlio na simu mkononi, ripoti za Mkaguzi Mkuu ziko kwenye tovuti ya ofisi yake, bure. Tafuteni ya kaunti yenu na ya hazina ya eneo bunge lenu. Wekeni hapa ukurasa wenyewe, jina la mradi na kiasi cha pesa. Akija mtu kuuliza nani amewatuma, msimjibu. Mwekeeni ukurasa huo tena.