MREJESHO: Bodi ya saketi ya nyuzi -55 hadi 175

Wakuu, niliuliza kwa nini bodi yangu ya FR-4 (kitambaa cha kioo kilichogandishwa kwa resini ya epoksi) inapoteza mawasiliano ikizungushwa kati ya baridi ya nyuzi -55 na joto la 175. Asanteni sana. Aliyesema nikate tundu (lile lililopakwa shaba ndani, linalounganisha tabaka za bodi) nilitazame kwa hadubini alipatia: shaba ya ndani ilikuwa na ufa katikati, mwembamba kama unywele, umezunguka pande zote. Resini ile hulegea kwenye nyuzi 140, na ikishalegea, unene wa bodi hutanuka mara kadhaa zaidi. Shaba haiwezi kuufuata.

Nimehamia bodi ya poliimidi, resini inayostahimili joto zaidi, ambayo hulegea karibu na nyuzi 250. Mizunguko 500, matundu yote mazima.

Ila bodi tatu za kwanza ziliota malengelenge wakati wa kulehemu. Poliimidi hunywa unyevu, nami sikuzikausha (mlinionya!). Zilizokaa kwenye oveni saa 6 kwa nyuzi 120 zilitoka safi.

Kapasita (vihifadhi chaji) kubwa za seramiki, saizi 1812, bado zinapasuka kingoni, maana seramiki hutanuka kidogo kuliko bodi. Hapo poliimidi haikusaidia. Badala yake nimeweka kadhaa za saizi ndogo, 0805, sambamba. Mpaka sasa, mizunguko 200, hakuna iliyopasuka.