Kunguni wanarudi kila baada ya wiki moja na nusu: nakosea wapi?

Mpangaji_Igoma
Wakuu, habari za jioni. Ni chumba cha kupanga huku Igoma, Mwanza, kitanda cha mbao 5 kwa 6, godoro la sponji. Godoro nimelianika juu ya mawe kutwa nzima mara tatu. Dawa ya kopo nimepuliza. Chandarua nimekiloweka kwenye jiki. Kunakuwa kimya wiki moja na nusu, kisha naamka na alama tatu nne mkononi zimejipanga mstari. Jirani ananiambia nipake chaga mafuta ya taa, au anipe dawa ya pamba iliyobaki shambani. Nifanye lipi?

Randa_Nyakato
Mkuu, umehangaika na godoro, wenyewe wanaishi kwenye mbao. Fungua kitanda chote. Angalia pale mbavu (ubao wa pembeni) inapoingia kwenye mguu, ndani ya tundu za bolti, nyuma ya ubao wa kichwani, na kwenye ncha za chaga. Utaona vidoti vyeusi kama umegusa na ncha ya kalamu. Hicho ni kinyesi chao. Ukikifuta kwa pamba iliyoloweshwa maji inatoka rangi ya kahawia. Mayai ni meupe, madogo sana, yamegandishwa kwenye ufa, na dawa nyingi za kopo haziyaui. Kwa joto letu yanaanguliwa kati ya siku 6 na 10. Hesabu mwenyewe huo ukimya wako.

Mbao zitoe nje. Chemsha maji yatokote, tia kwenye birika, mimina polepole kwenye kila tundu na kila ufa. Usimwage kwa ndoo, maji yanapoa kabla hayajaingia ndani. Kunguni na mayai yake hawavumilii nyuzi 60. Kausha mbao kivulini zisipinde, kisha ziba nyufa kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa msumeno. Rudia maji ya moto siku ya 7 na siku ya 14, hata kama hujaona kitu. Wengi huishia mara ya kwanza, halafu wanalaumu dawa.

Kuhusu mawe: juu kunaungua, kunguni wanahamia upande wa chini, wanasubiri jioni. Na sponji ikishinda juani kila mara inageuka njano na kumeguka. Saa 2 au 3 zinatosha kutoa unyevu, ukiligeuza. Mishono ya godoro ipitie kwa brashi ngumu juu ya beseni la maji ya sabuni, kisha lishonee kava lenye zipu inayofunga hadi mwisho. Shuka na foronya ziloweke nusu saa kwenye maji ya moto yasiyoshikika, kila wiki.

Jambo jingine: usihamie kulala sebuleni. Watakufuata, na utakuwa na vyumba viwili vya kutibu.

Bibi_Afya_Kirumba
Mwanangu, hiyo dawa ya pamba mrudishie jirani. Ni sumu ya shambani. Utalalia uso juu yake kwa muda wa saa 8 mlango umefungwa. Mafuta ya taa nayo, kitanda chenye harufu hiyo na kibatari chumbani ni moto unaosubiri.

Chandarua chako umekiua kwa jiki. Dawa iliyomo kwenye nyuzi inaharibiwa na jiki, na pia na jua. Hufuliwa kwa maji baridi na sabuni ya mche, bila kuloweka, na kuanikwa kivulini. Vingi vimetengenezwa vivumilie kufuliwa kama mara 20 tu, kwa hiyo mara moja kwa miezi mitatu yatosha. Msikifulie ziwani, dawa hiyo inadhuru samaki; maji yake mwaga chooni. Ukipata kipya, kitundike kivulini siku nzima kabla ya kukilalia. Na kimulike tochi kwenye mshono wa juu, kunguni hupenda kujibanza pale. Kunguni hawajulikani kueneza ugonjwa. Mbu ndiye wa malaria, kwa hiyo usilale bila chandarua ukiwa unapambana na hao wengine.

Mpangaji_Igoma
Shikamoo mama, nimekuelewa. Ila ukuta tunachangia na jirani, na kwake wapo. Hata nikimaliza kwangu si watarudi?

Randa_Nyakato
Watarudi, ndiyo maana kitanda kisiguse ukuta. Kisogeze sentimita 15, shuka lisiburure sakafuni, chandarua kichomeke chini ya godoro. Kila mguu uweke ndani ya kopo dogo, na kopo hilo ndani ya kopo kubwa zaidi, yote ya plastiki laini. Kopo kubwa lizungushie kitambaa kwa nje ili wapande waingie. Katikati ya makopo wanateleza, hawatoki wala hawaufikii mguu. Wakikuta njia nyingine ya kupanda, makopo hayana kazi. Yaangalie kila asubuhi, utajua wanatoka upande gani wa ukuta. Nyufa za upande huo ziba kwa saruji, pamoja na tundu la waya wa umeme. Jirani naye mwombe mchemshe maji siku ileile.