Chama kimepimwa uzito mtaani, sasa tufanye nini? (Nakuru)

MamaPacha_FreeArea
Habari wadau. Niko Free Area hapa Nakuru. CHP wetu, yule mhudumu wa afya wa mtaa, alikuja kwa mkutano wa chama na ule mkoba wao, akaweka mizani kwa sakafu, tukavua viatu tukapanda mmoja mmoja, akapima presha akaandika kwa simu, na karibu nusu yetu tukaambiwa BMI, ile hesabu ya uzito na urefu, imepita 25, wengine wako 30 na zaidi. Sawa. Halafu akasema tupunguze mafuta na tufanye mazoezi, akafunga mkoba akaenda plot ingine. Sisi nyuma tukaletewa soda na mandazi kama kawaida 😅

Sasa mwenyekiti anataka mashindano, kila mtu atoe mia tano na mwenye atapunguza kilo nyingi abebe zote. Mimi roho inakataa, naona watu watalala njaa wiki ya mwisho na baada ya mwezi wamerudi palepale. Lakini sina aidia ingine. Kuna mtaa umejaribu kitu ikasaidia? Na mbona hii story ya unene kila mara inaangukia mama na sufuria yake?

Jamaa_Section58
Si ni nidhamu tu. Shosho zetu walikula ugali maisha yao yote na hawakuwa hivi. Watu wapunguze mdomo, serikali haiwezi kushikilia mtu kijiko.

NyarNyalenda
MamaPacha dada yangu, achana na hayo mashindano. Mimi ni nesi huku Kisumu na wacha nikwambie kitu kwenye mabango ya "punguza uzito" haiandikwi. Huku mtu akianza kukonda majirani wananong'ona. Tulizika watu wengi sana enzi za ukimwi kabla dawa zifike, na kukonda ndio ilikuwa tangazo, kwa hivyo mpaka leo mama akinona anaonekana ako salama, mzee anamtunza. Nilikuwa na mama mmoja presha imekataa kushuka, nikamgusia mambo ya kilo, akaniuliza "sista, na watu wa kanisa watasema nini?" Alikuwa siriasi kabisa.

Siku hizi sianzi na uzito. Naanza na presha na sukari, hizo hakuna mtu anaona aibu kuongea. Halafu natoa tepu, ile tu ya fundi wa nguo, napima kiuno. Mwanamke akipita sentimita 80 aanze kujichunga, akipita 88 hiyo ni hatari, wanaume ni 94 na 102. Tepu haichekeshi watu kama mizani, na hata chama inaweza kununua yake.

Na swali moja, nyumba yako mafuta ya kupika mnamaliza kiasi gani kwa mwezi?

Mwalimu_Lurambi
Bradha wa Section 58, shosho yako alikuwa anateka maji mtoni na kulima mpaka saa sita. Wewe unapanda boda kutoka steji mpaka kwa geti. Na hakuwa anauziwa soda kila kona.

Hebu tupige hesabu kidogo. Soda ya kawaida ya nusu lita iko na sukari kama gramu 53, hiyo ni vijiko 13 vya chai. WHO wanasema mtu mzima asizidi kama gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana ibaki 25. Chupa moja imemaliza siku yako, na bado hujakunywa chai.

Sasa angalia wenzetu. Uingereza walianza kutoza kodi 2018 kulingana na sukari iliyo ndani, peni 18 kwa lita kinywaji kikiwa na gramu 5 kwa mililita 100, kikifika gramu 8 ilikuwa peni 24. Kampuni nyingi zikapunguza sukari hata kabla kodi ianze, mwananchi hakuulizwa mambo ya nidhamu. Mexico waliweka peso moja kwa lita 2014. Chile nao 2016 wakabandika alama nyeusi za pembe nane mbele ya pakiti, na chakula chenye hizo alama hakiuzwi shuleni. Hiyo ya shule ndio mimi naililia, maana nje ya geti letu ni chipsi, smokie na juisi ya rangi, mtoto ana shilingi ishirini unataka anunue nini?

Kuhusu kuangukia kina mama, utafiti wa kitaifa wa 2015 ulipata asilimia 38.5 ya wanawake wamezidi uzito, wanaume 17.5. Lakini kuwa wengi si kuwa na makosa.

Kibuye_Mitumba
Mimi nakaa kwa kiti tangu asubuhi mpaka giza, mazoezi nafanya saa ngapi? Mnasema tutembee, njia za miguu zimejengwa town lakini zimejaa vibanda. Sawa, kimoja ni changu 😂 lakini nihamie wapi?

MamaPacha_FreeArea
@NyarNyalenda wacha nikujibu na aibu kidogo. Chama tunanunua mafuta ya salad ya jumla, kila nyumba inabeba jerikeni ya lita tano kila mwezi, na ikiwa ndani ya nyumba mtu anamimina tu. Nimeshauri tubebe lita tatu na hiyo pesa inabaki inunue dengu na omena. Mwenyekiti hajafurahi lakini mweka hazina amekubali haraka sana.

Soda ya mkutano pia nimegusia. Hapo nimepigwa vita.

Jamaa_Section58
Na sisi wanaume nani anatupima? CHP anakuja mchana tuko kazi.

NyarNyalenda
Ongea na CHP wenu aje steji jioni, kabla mjazane kwa nyama choma. Kitambi mtavuta ndani lakini 😂 tepu inajua.